Kikwembe cha Buluu

Krismasi iliyopita, Noël kama tunavyoiita sisi, nyumbani kwangu hapa Bukavu, mjukuu wangu Grâce alifungua zawadi mpaka mikono ikamchoka. Mwanasesere anayelia ukimlaza chali. Gari linalowaka taa likigonga ukuta. Vyombo vya jikoni vya plastiki, viatu vyenye taa kwenye visigino, na kikompyuta cha kitoto kinachoimba kwa lugha ambayo hakuna mtu sebuleni aliyeijua. Kila alipochana karatasi aliangalia kitu chake kidogo, kama mtu anavyoangalia pikipiki inayopita, kisha akainua uso na kuuliza, “Na ingine?”

Hakuna aliyemkemea. Sisi watu wazima tulishindana kumpa hiyo ingine. Mimi mwenyewe nilinunua kuliko wote, na sioni haya kusema kwa nini. Ilikuwa Noël ya kwanza bila Papa, baba yangu. Nadhani kila mmoja wetu aliuogopa ukimya ambao ungekuja zawadi zikiisha, kwa hiyo hatukutaka ziishe. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti tangu tulipotoka misani, nikitafuta kwa macho kama chini ya ule mti wa plastiki kimebaki kifurushi.

Mara umeme ukakatika, kama kawaida yake. Taa za mti zikazimika, mvua ikaonekana dirishani, na kikompyuta kikaendelea kuimba peke yake kwa sababu kina betri. Maman, mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango na mfuko mapajani, akaufungua mfuko ule. Harufu ya naftalini, vile vidonge vya kufukuza nondo, ikatoka.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Naweza kuiandika naftalini ubaoni kwa alama zake zote na kuwaeleza wanafunzi kwa nini vidonge vyake vinapungua vyenyewe ndani ya sanduku. Lakini harufu ile ikinifikia ghafla, sikumbuki kemia yoyote. Nakuwa mtoto wa Kadutu anayeogopa kwamba baba yake atakufa siku ya Noël.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Kadutu, hapahapa Bukavu, kwenye nyumba ya mteremkoni, mabati yake yakipigwa na mvua husikii hata anayekuita jina. Kaka yangu Bahati alikuwa mkubwa, mimi Nsimire wa katikati, na Riziki bado alikuwa mgongoni. Papa alikuwa dereva wa lori. Kila mwaka, Noël ikikaribia, alirudi nyumbani na kitambaa amekificha ndani ya koti, akasimama mlangoni na kutuambia tufumbe macho. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi: nguo. Kila mtoto alikuwa na kitambaa chake na rangi yake. Siku yenyewe tulikula wali na nyama, tukagawana chupa moja ya sucré, yaani soda, kila mtu kikombe chake, tukiinama kuchungulia kama vimelingana. Papa alipuliza baluni moja ya kuchezea wote, na ikipasuka ndiyo imepasuka. Sitaki kuwadanganya kwamba sikutamani zaidi, maana nilitamani sana. Ila sikujua zaidi ya pale kuna nini.

Mwaka ninaousema, Papa alikuwa hospitali. Lilianza tumbo, halafu wakamlaza, halafu hakurudi. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini. Kila siku Maman alipanda hospitali na sufuria ya chakula, na jioni alirudi nayo, na mimi niliyeipokea mlangoni nilijua kwa mkono kwamba ni nzito vilevile. Tukimwuliza hali ya Papa alijibu neno moja.

“Anaendelea.”

Anaendelea kwenda wapi, hakusema. Nililichukia neno lile, na hata leo daktari akiniambia mgonjwa anaendelea namwomba amalize sentensi.

Siku moja Maman aliporudi alifungua sanduku lake la bati, lile lililokaa chini ya kitanda na ambalo sisi hatukuruhusiwa kuligusa. Harufu ya naftalini ikajaa chumbani. Akatoa vikwembe viwili, vile vitambaa vizuri vya kujifunga alivyoletewa alipoolewa na ambavyo sikuwahi kumwona navyo mwilini. Kimoja kilikuwa cha njano chenye ndege, mikia yao mirefu ikizunguka kitambaa kizima. Kingine kilikuwa cha buluu iliyoiva karibu na weusi, chenye vidoadoa vyeupe vidogo kama punje za mchele. Akaviweka kitandani, kimoja huku kingine kule, akavitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo achukue ndege. Akakishika kile cha njano, akakigusisha shavuni, akakikunja, akakirudisha ndani na kufunga sanduku.

“Tutashona hii,” akasema, mkono wake juu ya kile cha buluu. “Sisi bote.”

Sisi bote. Msomaji wa kwetu ameshaelewa nilichoelewa. Kwa asiye wa kwetu nieleze: familia nzima ikivaa kitambaa kimoja, sisi tunaita uniforme. Tunaivaa kwenye harusi, ni kweli. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kufika kwenye harusi. Uniforme niliyoijua ilikuwa moja tu, ya jirani yetu Furaha, rafiki yangu wa kuchezea kamba, ambaye baba yake alikufa mvua zilipoanza. Siku ile ua wao ulijaa watu, na jeneza lilikuwa tayari, lakini hakuna aliyetoka. Nilimsikia mzee mmoja akiuliza, “Tunangoja nini tena?” Mwingine akamjibu, “Fundi hajamaliza uniforme.” Wakangoja kweli. Mpaka Furaha, mama yake na ndugu zake walipotoka wamevaa kitambaa kimoja cha zambarau ndipo wimbo ukaanza na watu wakaondoka kwenda makaburini.

Kwa hiyo nilijua mambo yanavyokwenda. Kwanza baba anakaa hospitali. Kisha kitambaa kimoja kinakatwa kwa watu wote. Kisha watu wanamngoja fundi. Na kama wanamngoja fundi, basi fundi asipomaliza hakuna kinachoweza kutokea. Kichwani mwangu jambo hili lilikuwa wazi kabisa: Papa hawezi kufa kabla gauni langu halijaisha.

Nikaamua lisiishe.

Mshonaji wetu alikuwa Maman Veronika, mwanamke mnene mwenye chaki sikioni na cherehani iliyolia kama mbuzi. Alikuja nyumbani kutupima. Mara ya kwanza nilijificha nyuma ya choo mpaka akachoka kuniita akaenda zake. Alipokuja tena Bahati alinikamata mkono. Nikaona njia nyingine: nikajaza hewa tumboni, nikapandisha mabega mpaka masikioni, na kamba ya kupimia ilipofika kiunoni nikajikunja.

“Mutoto huyu juzi alikuwa kama fimbo,” Maman Veronika akasema. “Leo iko na tumbo ya chef wa kijiji. Simama muzuri, Nsimire.”

“Nimesimama muzuri.”

“Nitakushonea robe ya mama mujamuzito, utaenda nayo ku misa.”

Bahati alicheka sana. Maman hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, akanishika mashavu. Mikono yake ilinukia vitunguu na dawa ya hospitali.

“Juu ya nini unafanya hivi? Haupendi robe?”

Sikuweza kumwambia. Niliogopa kwamba nikilitamka litakuwa kweli. Nikauliza kwa kuzunguka.

“Kama robe yangu haijaisha, mutaningoja?”

“Kungoja nini?”

“Kutoka.”

“Tutakungoja,” akasema. “Hakuna mutu atatoka hapa bila nguo yake.”

Alidhani ananituliza. Kwangu mimi, sasa hata yeye alikuwa amekiri.

Kuanzia hapo kila kitu kilichoingia nyumbani kilikuja kunithibitishia. Tonton Cirhuza, mdogo wake Papa, akafika kutoka Mudaka na mkungu wa ndizi na dumu la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ambayo inanywewa kwenye sikukuu na kwenye kilio bila kubagua. Jirani akaleta mabenchi. Jirani mwingine akaleta sufuria kubwa, ileile iliyopikiwa watu kwa kina Furaha, niliijua kwa sikio lake lililovunjika. Wenzangu mtaani walikuwa wanahesabu mambo ya Noël kwa furaha, na mimi nilihesabu yaleyale kwa hofu. Usiku nilibana pumzi nikisikiliza kama kuna mtu anagonga mlango. Chakula hakikushuka. Nikakonda kweli, na Maman Veronika asingehitaji tena kulilalamikia tumbo langu.

Kujificha hakukusaidia. Maman alichukua gauni langu la mwaka uliotangulia, akampelekea Maman Veronika alipime hilo badala yangu na kuongeza upana wa vidole vichache. Nilikwenda naye kwa sababu nilikuwa siachi tena kumfuata popote. Nilisimama karibu na cherehani nikiangalia buluu inakatwa. Vipande vya Bahati, vya Riziki, vyangu, blauzi ya Maman. Kitambaa kilibaki kidogo, na Maman akakisukuma mbele.

“Na shati moja,” akasema. “Ya papa wabo.”

Mkasi ukasimama. Maman Veronika alimwangalia Maman, akaniangalia mimi, akarudi kwa Maman.

“Nikate kipimo gani? Si amekonda?”

“Kipimo chake cha zamani.”

Maman Veronika akachukua chaki sikioni na kuanza kuchora mabega. Mimi nilitoka nje kutapika, na nikawaambia ni maembe mabichi. Baba yake Furaha pia alikuwa amevaa shati jipya. Nilimwona walipotupitisha mbele ya jeneza, kola yake ngumu, imefungwa hadi shingoni, na si yeye aliyeifunga.

Asubuhi ya Noël nguo zilikuwa tayari. Gauni langu lilikuwa kubwa, lenye pindo pana la kushushwa baadaye. Bahati alijitazama kwenye kioo akajiona mwanamume. Tulikwenda misani. Watu waliimba kwa furaha na ngoma zilipigwa, na sikumbuki hata wimbo mmoja. Misa ilipoisha Maman hakugeuka upande wa nyumbani. Alichukua sufuria aliyokuwa ameiacha kwa bibi mmoja karibu na kanisa, akajitwika, akatuambia twende hospitali.

Tulipanda mlima kwa msururu, Maman mbele na Riziki mgongoni, Bahati, mimi, na Tonton Cirhuza nyuma na mfuko wenye shati. Matope yalikuwa yamejaa njiani. Mahali fulani mwanamke aliyekuwa anateremka na kikapu cha maparachichi alituona, wote buluu, tunaelekea hospitali na sufuria. Akasogea pembeni kutupisha. Akashusha kikapu chini na kuweka mkono shavuni.

“Poleni, mama,” akasema taratibu. “Mungu abapatie nguvu.”

Maman alisimama. Nilikuwa nyuma yake na niliona mgongo wake tu, na kichwa cha Riziki kilicholala.

“Ni Noël, mama,” akajibu.

“Ah.” Yule mwanamke alijishika mdomo. “Basi bonne fête. Munisamehe.”

Maman akaendelea kupanda. Mimi sikumwamini Maman, nilimwamini yule mwanamke. Mtu mzima asiyetujua hata kidogo alikuwa ameona nilichokiona mimi. Kilichobaki cha njia ile nilikipanda nikilia kimya, nikifuta makamasi kwenye mkono wa gauni jipya.

Kwa kuwa ilikuwa sikukuu, muuguzi mlangoni alitufumbia macho watoto tukapita. Nilibaki nyuma kabisa. Nilitaka wengine waone kwanza, halafu nisikie kwa sauti zao. Kilichonifikia ni sauti ya Papa, nyembamba, lakini yake.

“Eh! Mumekuwa équipe ya mupira? Sasa muko nacheza na nani?”

Alikuwa ameketi kitandani, miguu chini. Uso ulikuwa umebaki macho na masikio. Nililia kwa sauti sasa, na Papa akadhani nimeogopa sura yake, akaniita, akaniweka karibu naye. Nikamshika mkono kwa nguvu.

Maman alitoa shati kwenye mfuko. Papa hakulipokea mara moja. Alipitisha vidole juu ya kitambaa, polepole, kama mtu anayetafuta mshono uliofumuka.

“Umetoa ile ya buluu,” akasema.

“Ndiyo.”

“Haukutoa ya jaune, ya ndege.”

“Apana.”

Wakatazamana. Tonton Cirhuza akageukia dirisha. Mimi nilidhani Papa hakuipenda rangi, na nilikuwa upande wake, kwa sababu hata mimi nilitaka ndege. Maman akafungua vifungo vya shati, akanyoosha mikono kumvalisha.

“Leta,” Papa akasema. “Nitavaa mwenyewe.”

Ilimchukua muda. Mkono wa kulia ulikataa kuingia, akapumzika, akajaribu tena. Alifunga kifungo kimoja kimoja kuanzia chini, na hakutaka msaada hata kwa kile cha shingoni. Kola ilimpwaya, ungeweza kuingiza ngumi. Alipomaliza alijifuta jasho akatuangalia.

“Basi, ndiyo Noël,” akasema. “Chakula iko wapi?”

Akala. Si sana, lakini mimi ndiye niliyebeba sufuria wakati wa kushuka, na ilikuwa nyepesi.

Papa alipona. Alirudi nyumbani kabla masomo hayajaanza tena, akitembea na fimbo, na siku aliporudi Maman alimpokea amejifunga kile kikwembe cha njano. Ndege wote walikuwa nje, nami nikanuna kimtoto kwamba kumbe kilikuwepo tu na sisi tukanyimwa. Gauni langu lilishushwa pindo, likaenda kwa Riziki, likaisha kama foronya. Shati la Papa likarudi ndani ya sanduku la bati na naftalini, na kila Noël alilitoa akalivaa, hata tulipokuwa wakubwa na tumeshaanza kumletea mashati ya dukani ya kila rangi. Mashati yetu aliyashukuru na kuyatundika. La buluu ndilo alilovaa.

Alipokufa mwaka jana, mzee wa kushiba umri wake, sisi watoto tulimnunulia suti. Tulimvalisha sisi.

Hilo shati ndilo Maman alilolitoa mfukoni umeme ulipokatika. Limepauka, vidoadoa havionekani tena isipokuwa chini ya kola. Grâce alikuja kulinusa, akakunja pua, akamwita Maman kwa jina letu la bibi na babu.

“Koko, hii iko ya nani?”

“Ya koko yako mwanaume. Ni mimi nilimupatia, Noël.”

Nikaona pa kupatia kicheko, maana sisi watu wazima tulikuwa tumenyamaza kama nilivyoogopa. Nikamsimulia Maman, kwa mara ya kwanza maishani, yote niliyowasimulia ninyi: tumbo la chef, maembe mabichi, jinsi nilivyotaka kumzuia Papa asife kwa kukataa kupimwa. Bahati alicheka mpaka akatoa miwani. Nilingoja Maman naye acheke. Alikuwa analinyoosha shati gotini.

“Haukukosea,” akasema.

“Namna gani, Maman?”

“Munganga wa hospitali alishaniambia nijitayarishe.” Alizungumza akiangalia kitambaa. “Nilikuwa na feza ya kushona mara moja tu. Nikasema, kama anapona, batoto bamepata nguo ya Noël. Kama haponi, hawatazika papa wabo na nguo za kupasuka. Ya jaune ingefaa Noël tu. Ya buluu ilifaa pande zote mbili.”

Bahati aliacha kucheka. Nilijua jibu kabla sijauliza, lakini niliuliza.

“Na shati?”

“Shati pia.”

“Papa alijua?”

“Si alivaa mwenyewe?”

Nilikuwa na hasira, na sijui nilimkasirikia nani, na nilimpenda Maman kuliko siku nyingine yoyote. Alikuwa amepanda mlima ule na kifo na Noël ndani ya mfuko mmoja, akamwambia mpita njia kwamba ni Noël, na hakuwa na hakika. Miaka yote hii nimedhani kwamba woga ulikuwa wangu peke yangu.

Sakafuni karatasi zilitapakaa kote, nyekundu na dhahabu. Kikompyuta kilikuwa bado kinaimba, na Riziki akakichukua akakizima. Grâce alikuwa amesimama palepale mbele ya Maman, kidole chake kwenye kola ya shati. Akachungulia ndani ya mfuko.

“Na ingine?”

“Hakuna ingine, mama,” Maman akamwambia. “Ilikuwa hii moja.”